Nimepeleka mbung'o wasomwe jinomu hapa Kampala, rivyu yangu pamoja na habari ya muhogo

Mnaoniuliza kila mara, nyie wa Bunia na Kisumu na Mwanza, kama hapa Kampala kuna mahali mtu anaweza kupeleka wadudu wake wakasomwa jinomu, yaani DNA yao yote, bila kuwasafirisha Ulaya, jibu ni ndio, pako. Mimi niliwapa kazi ya mbung'o, dada mmoja tuliyesoma naye akawapa konokono wa kichocho, kwa hiyo hii rivyu imebeba mambo yetu sisi wawili. Jina la maabara silitaji manake friza yao bado ina tyubu zangu na sitaki zipotee kimiujiza hehe.

Niseme mapema tu kwamba kusoma DNA wanasoma vizuri, hapo sina ugomvi nao. Ila kwa sisi wa vidudu vidogo kusoma ndio imekuwa sehemu rahisi siku hizi, kazi iko kwenye kujua hiyo DNA ni ya nani, maana ukisaga mbung'o mmoja kwenye tyubu umesaga mbung'o na bakteria wake na damu aliyokunywa na vimelea kama anavyo, wote kwa mpigo. Kwa hiyo maabara ya aina hii siipimi kwa wingi wa data, naipima kwa vile inavyokwambia ukweli kuhusu hao wageni, na hapo ndio hawa jamaa wananifurahisha na kunikasirisha kwa wakati mmoja.

Kwanza kwa nini mbung'o. Kwetu ni West Nile na huko malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, si hadithi za wazee tu. Uganda ndio nchi pekee yenye malale ya aina zote mbili, kaskazini magharibi kuna ya kimelea Trypanosoma brucei gambiense inayomla mtu polepole kwa miaka, kusini mashariki kuanzia Busoga kupanda juu kuna ya ndugu yake rhodesiense inayoua haraka na inajificha kwa ng'ombe. Mwaka 2022 WHO ilithibitisha kwamba gambiense hapa kwetu si tatizo la afya ya umma tena, sawa tunashukuru, lakini ile nyingine haikuwemo kwenye hiyo habari njema. Na ukiviweka hivyo vimelea chini ya darubini huwezi kuvitofautisha hata ukikodoa macho siku nzima, ni DNA ndio inasema: rhodesiense ana jeni moja inaitwa SRA ambayo ndio inamfanya asife kwenye damu ya binadamu, gambiense hana hiyo, yeye amejipatia njia yake tofauti kabisa. Alafu 2016 watu wa Glasgow wakaonyesha kwamba gambiense wa kundi kubwa, wale wanaosababisha karibu malale yote Afrika, wametoka kwa mzazi mmoja ndani ya miaka elfu kumi iliyopita na tangu hapo hawajawahi kuchanganya jeni kwa kujamiiana, wanajigawa tu vizazi na vizazi. Mimi hio habari bado inanishangaza.

Anayebeba zote mbili hapa Uganda hasa ni Glossina fuscipes fuscipes, yule mbung'o wa kando ya mito na ziwa, na ndiye niliyempeleka. Jinomu yake ya mfano ipo tayari, ilitoka 2019 kwenye kazi iliyolinganisha mbung'o wa aina sita, na kabla yake ile ya Glossina morsitans ilitoka 2014, herufi za DNA kama milioni 366, watu walihangaika nayo karibu miaka kumi. Kwa hiyo sikuwa naanza sifuri. Inajulikana kwamba mbung'o wa juu ya Ziwa Kyoga na wa chini yake wametengana kijenetiki, mimi nilitaka kuona bakteria wao nao wanasemaje.

Haya, twende kwenye huduma yenyewe. Mapokezi yako poa, kuna dada mchangamfu, unaingia na kulboksi anakwambia "karibu ssebo, leo umetuletea nini, nyoka?" Fomu yao ni ndefu lakini ina akili ndani yake, wanauliza mdudu alihifadhiwa kwenye nini, alikamatwa lini, alikuwa ameshiba damu au la, na kwenye friza alikaa na sampuli gani nyingine. Hilo swali la kushiba lilinifanya niwaamini, maabara isiyojua wadudu haiwezi kuuliza. Mbung'o wangu walitoka kwenye mitego ya kitambaa cha buluu na nyeusi, moja kwa moja ndani ya ethanoli kali, alafu basi la usiku kutoka Adjumani kulboksi iko chini ya miguu, kondakta anang'ang'ania ni samaki na anataka nilipie mzigo.

Faida kubwa ya kufanya hapahapa ni makaratasi. Kibali cha utafiti unacho tu kutoka UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia, hicho hakikwepeki, lakini ukitaka kutoa sampuli nje ya nchi yanaanza mengine, mkataba wa kuhamisha sampuli, barua za huku na kule, alafu mzigo wenyewe ukwame uwanja wa ndege barafu ikiyeyuka. Rafiki yangu aliwahi kupoteza konokono wote kwa wakala mmoja wa mizigo ambaye mpaka leo anasema "inafuatiliwa". Hapa unapanda boda na tyubu zako mfukoni.

Kutoa DNA, hapo nawapa tano kwa tano na hizo tano ni za konokono zaidi kuliko za mbung'o. Mliowahi kushika Biomphalaria, hao konokono wa kichocho, mnajua, wale wana ute, na ule ute una sukari ndefu zinazotoka pamoja na DNA, ukiangalia kwenye mashine ya kupima unaona DNA nyingi kumbe haisomeki, enzaimu zote zinagoma. Fundi wao hakutumia kiti ya kawaida, yaani ile pakiti ya kemikali zilizotayarishwa tayari, alirudi kwenye kemikali ya kizamani ya CTAB, akakata kipande kidogo cha mguu badala ya kusaga konokono mzima na tumbo lake, akaosha na kuosha tena. Yule dada alipata DNA ndefu na safi kutoka kwa konokono wa Ziwa Albert mpaka akanipigia simu usiku.

Na kwa wanaodharau konokono, hebu sikieni hii kwanza maana mimi mwenyewe naipenda kuliko mbung'o. DNA inaonyesha Biomphalaria walikuja Afrika kutoka Amerika Kusini miaka milioni kadhaa iliyopita, na mdudu wa kichocho, Schistosoma mansoni, mnyoo ambao lazima upitie ndani ya konokono hao kabla ya kumwingia mtu, asili yake ni huku Afrika Mashariki, huku ndio ana aina nyingi kuliko kwingine kote, alafu akavuka bahari kwenda Amerika ndani ya miili ya watu waliouzwa utumwani, alipofika akakuta konokono ndugu wa yule wa nyumbani wanamsubiri. Konokono alikuja huku, mnyoo ukaenda kule, na yote hayo yameandikwa kwenye herufi za DNA ya vitu unavyoweza kuokota kwenye matope ya Ntoroko. Jinomu ya Biomphalaria glabrata wa huko Amerika ilitoka 2017 kwa hiyo wa kwetu wana pa kulinganishia.

Mashine sasa. Wana njia mbili. Vipande vifupi vya mashine za Illumina hawafanyi wenyewe, wanavipeleka kwa wengine wakisubiri sampuli zijae, kwa hiyo hapo utasubiri mpaka usahau kama ulipeleka. Vipande virefu wanafanya wenyewe kwa MinION, na mimi nilichagua hiyo. Kwa asiyeijua ni kidude cha gramu kama mia moja kinachomekwa kwenye laptopu kwa USB, ndani kina floseli yenye vitundu vidogo vya protini, uzi wa DNA ukipita kwenye kitundu mkondo wa umeme unabadilika na kompyuta inageuza yale mabadiliko kuwa herufi. Ilianza kugawiwa watafiti 2014, mwaka uliofuata ikawa inasoma virusi vya Ebola huko Guinea, 2016 ikasoma DNA angani kwenye kituo cha kimataifa, na huku Afrika Mashariki, Uganda ikiwemo, kuna watu waliishika mashambani kutafuta virusi vya muhogo. Miaka ya mwanzo ilikuwa inakosea sana, watu walikuwa wanaicheka, hizi floseli za siku hizi zimevuka usahihi wa 99 kwa mia. Kwa kazi yangu urefu ndio muhimu na ntaeleza kwa nini.

Siku ya kupokea data nikafungua, nikaanza kuangalia nani yuko humo ndani. Mbung'o, sawa. Wigglesworthia, bakteria wa ndani ya mbung'o, sawa, huyo lazima awepo. Sodalis, bakteria mwingine wake, sawa. Ng'ombe, sawa amekunywa. Kenge, ndio, hawa mbung'o wa mtoni wanampenda kenge sana, hakuna ajabu. Muhogo.

Muhogo!

Jamani mbung'o hali muhogo. Mbung'o dume kwa jike chakula ni damu tu, hagusi jani, hagusi maua, hana habari na shamba lako. Vipande havikuwa vingi lakini vilikuwepo, na pembeni yake vipande vya nzi weupe, wale wadogo wanaosambaza batobato la muhogo. Sasa hapo mtu anaweza kusema labda kenge alipita shambani, labda mtego uliguswa na majani, ukitaka kuhadithia utahadithia mpaka asubuhi. Mimi nikapiga simu. Fundi bila kuzungusha akaniambia "kaka, kabla yako kulikuwa na kazi ya muhogo kwenye hiyo floseli, tuliosha ndio tukaweka ya kwako."

Ni kama mashine ya kusaga posho, debe lako likiingia unga wa kwanza kutoka una mahindi ya mwenzio aliyetangulia. Na kuosha floseli si dhambi, ile kitu inanunuliwa kwa mamia ya dola na inatoka Uingereza na inataka kutunzwa kwenye baridi, maabara yoyote huku lazima ioshe na kuitumia tena, mimi kwa hilo siwalaumu hata kidogo. Nawalaumu kwa kunyamaza. Kwenye fomu yao wameniuliza mpaka mbung'o wangu amekula nini, wao hawakuandika popote kwamba sahani yao imetumika. Baada ya mazungumzo walirudia sampuli zilizoathirika kwenye floseli mpya bila kunilipisha, na muhogo ukatoweka, kwa hiyo nyota niliyowanyang'anya nikawarudishia nusu. Mkienda ulizeni kabla, mpya au imeoshwa, na kama imeoshwa aliyetangulia alileta nini. Kama aliyetangulia alileta mbung'o na wewe una mbung'o, usikubali, manake hapo takataka haitaonekana kabisa. Mimi nilibahatika kwamba ulikuwa muhogo.

Wengine mtasema huyu anakuza mambo, vipande viwili vitatu vya muhogo vina shida gani. Basi ntawakumbusha kisa cha dubu-maji, yule mdudu mdogo wa miguu minane anayekauka na kufufuka. Novemba 2015 kundi moja la Chapel Hill huko Marekani lilitoa jinomu yake na kusema karibu moja ya sita ya jeni zake zimetoka kwa bakteria na mimea na wengine, yaani mnyama anayeokota jeni za watu, magazeti yakapagawa, ilikuwa kila mahali. Haikupita hata wiki mbili kundi la Edinburgh, ambao walikuwa na dubu-maji wa aina ileile wanamsoma kivyao, wakaweka data yao hadharani na kusema sisi hizo jeni za kigeni hatuzioni. Jinomu ya wale wa kwanza ilikuwa na herufi milioni 212, hii ya pili milioni 135, na ile ziada sehemu kubwa ilikuwa bakteria waliosagwa pamoja na mnyama. Hao si wanafunzi, ni maprofesa wenye hela na mashine, na bado mdudu mdogo aliwachezea. Sababu ni hiyohiyo, mnyama ni mdogo mno huwezi kukata kipande safi ukaacha utumbo.

Na ugumu ni kwamba saa zingine kuokota jeni ni kweli. Rotifa wa bdeloidi, wale vidudu vya kwenye maji ya mvua ambao dume hajawahi kuonekana, jinomu ya mmoja wao ilitoka 2013 na karibu jeni 8 kwa kila mia zinaonekana zimetoka nje ya wanyama, na hiyo imesimama mpaka leo. Kwa hiyo huwezi kusema kila cha kigeni ni uchafu ukatupa. Ndio maana nilichukizwa na hii inayofuata kuliko hata muhogo.

Ripoti ya kwanza ya maabara ilikuja na sentensi moja chini kabisa, "mfuatano wa bakteria umeondolewa". Yaani wana programu inayopita kwenye data, kila kinachofanana na bakteria kinakatwa kabla mteja hajaona, ila tu wale niliowataja kwa jina kwenye fomu, Wigglesworthia na Sodalis. Wanadhani wanakusaidia. Kwa mtu anayesoma mbuzi labda ni msaada. Kwa mbung'o umekata nusu ya kisa.

Angalieni walio ndani ya huyu mdudu. Wigglesworthia yuko naye tangu mamilioni mengi ya miaka, anamtengenezea vitamini B ambazo damu haina za kutosha, mbung'o akimkosa jike hazai, na mama anampitisha kwa mtoto kwenye maziwa, ndio, mbung'o ana maziwa, anabeba buu mmoja tumboni anamlisha mpaka anamzaa akiwa mkubwa tayari. Huyo bakteria kwa kukaa ndani muda wote huo jinomu yake imekonda imebaki herufi kama laki saba tu. Mbona imekonda? Kila kizazi wanapita wachache tu kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, hawakutani na bakteria wengine wa kubadilishana nao jeni, jeni isiyotumika ikiharibika hakuna wa kuirekebisha na baadaye inafutika kabisa. Sodalis yeye amehamia juzijuzi, kwa saa ya mageuzi, bado ana herufi kama milioni 4.2 lakini ukizisoma unakuta mamia ya jeni zilizokufa zimelala tu humo, zilisomwa 2006 na watu wakashangaa karibu nusu ya jinomu haitengenezi protini. Yaani mmoja ameshamaliza kukonda na mwingine bado yuko njiani, na wote wawili wamo ndani ya mdudu mmoja. Ni mara chache unapata mageuzi yamepangwa mbele yako namna hiyo.

Alafu wa tatu, Wolbachia, huyu hakai kwa kila mbung'o na kwa hawa wetu wa Uganda mara nyingi yuko kidogo sana, ndiye niliyekuwa namtafuta hasa na ndiye programu yao ilimtupa, manake kwenye fomu kulikuwa na nafasi ya majina mawili tu. Na huyu ndiye mgumu. 2007 ilionekana kwamba nzi mmoja wa matunda, Drosophila ananassae, ana karibu jinomu nzima ya Wolbachia imeingia ndani ya kromosomu zake yeye nzi, na 2014 ikaonekana Glossina morsitans naye ana vipande vikubwa vya Wolbachia ndani ya kromosomu zake. Kwa hiyo ukiona Wolbachia kwenye data kuna mambo matatu, bakteria mzima yuko ndani ya mdudu, au kipande chake kilishakuwa sehemu ya mdudu zamani, au kimetoka kwa sampuli ya mtu mwingine. Programu ya kukata haijui tofauti, inakata vyote.

Hata ile njia ya kawaida ya kutenganisha kwa kuchora chati ya asilimia ya G na C, herufi mbili kati ya nne za DNA, dhidi ya wingi wa vipande inakwama hapo. Sodalis anakaa juu karibu 55, Wigglesworthia chini kabisa 22, hao unawaona wazi wamejitenga, lakini mbung'o mwenyewe yuko kama 34 na Wolbachia 35, wamelaliana. Jicho halisaidii.

Nilirudi nikawaomba data ghafi yote, na hapa nawasifu kabisa, hawakubisha, hawakuniambia ni mali ya maabara, fundi wa uchambuzi akakaa na mimi kwenye benchi tukaifungua pamoja. Ndio faida ya vipande virefu: kama Wolbachia imeingia kwenye kromosomu basi utapata uzi mmoja unaoanza na herufi za mbung'o unaishia na za Wolbachia bila kukatika, kipande kifupi cha herufi 150 hakiwezi kukuonyesha hilo kwa uhakika. Nilipoona wa kwanza nikaruka, yeye akatulia akasema "subiri ndugu yangu, uzi mmoja si ushahidi", maana wakati wa kuandaa laibrari, yaani kuitayarisha DNA iingie mashineni, nyuzi mbili zisizo na undugu huwa zinagundishwa kwa bahati mbaya. Unahitaji nyuzi kadhaa tofauti, zenye mwanzo na mwisho tofauti, zinazoungana palepale. Kwa hiyo tukaendelea kutafuta. Matokeo sitaweka hapa, yakikamilika yatatoka kwa njia yake, ila yule fundi ndiye sababu mimi ntarudi pale. Anajua kazi na hana haraka ya kukufurahisha.

DNA ya binadamu wanaifuta yote na hilo naliunga mkono. Inaweza kuwa yangu, inaweza kuwa ya fundi aliyekohoa, inaweza kuwa ya mtu wa kule mtoni aliyeumwa na mbung'o, na huyo hakusaini karatasi yoyote ya kukubali jinomu yake ikae kwenye laptopu yangu. Tofauti ni kwamba hapo wanakuandikia wamefuta vipande vingapi na kwa sababu gani. Wangefanya hivohivo kwa bakteria nisingekuwa na la kusema.

Kitu kingine kilichonikera ni kontroli tupu. Yaani tyubu isiyo na mdudu, maji matupu tu, inapitishwa hatua zote kama sampuli ili uone ni uchafu gani unatoka kwenye vifaa na kemikali zenyewe, manake hata kiti za kutolea DNA huwa zinakuja na DNA ya bakteria ndani. Kwao hiyo ni ziada, unaiomba na unailipia kama sampuli nzima. Mimi naona hiyo ni kazi yao, iwe ndani ya bei. Lipieni tu lakini, msiiruke, hasa mkiwa na wadudu wadogo kuliko mbung'o ambao DNA yao ni tone.

Stima ilikatika katikati ya kazi yangu na inverta ikashika, hakuna kilichopotea. Chai ipo. Choo kisafi. Bei kwa mwanafunzi asiye na granti inauma sana, lakini ukijumlisha kurier na barafu kavu na makaratasi ya kutuma nje inabaki chini, na kotesheni yao haipandi katikati ya safari, ulichoambiwa ndicho unacholipa, kwa benki ama mobile money na risiti unapewa.

Data ni kubwa, msitegemee kuipakua kwa bando, beba haidi draivu yako mwenyewe. Na muombe mafaili ya POD5, yale ya mkondo wenyewe, msikubali kupewa herufi tu, manake programu za kugeuza mkondo kuwa herufi zinaboreshwa kila mara na data ya zamani ukiisoma upya inatoka safi zaidi, wao wakikaa nayo miezi kadhaa wanaifuta kupata nafasi. Mimi sasa kwenye fomu pale kwa maelezo ya ziada naandika kwa herufi kubwa USIONDOE BAKTERIA, wanacheka lakini wanatii.

Kama kazi yako ni jinomu ya konokono, mbu, mbung'o, kupe, nyuki, nenda. Kama ni minyoo ile midogo kabisa ya udongoni ambayo mmoja hatoshi hata kuonekana kwenye tyubu, ongea kwanza na fundi, watakwambia wakuze wengi na kuwasaga pamoja na hapo unachanganya jinomu za wengi kwa hiyo jiulize kama swali lako linavumilia hilo. Kama unataka Illumina tu basi tafuta pengine, hapa utazeeka ukisubiri. Nyota tatu na nusu kwa tano, na msiende Ijumaa mchana, yule fundi wa uchambuzi anakuwa msikitini na akitoka anapanda taksi moja kwa moja kwa mama yake Bombo mpaka Jumatatu.